Kibangwa Hakikatwi

Niseme mapema, ili asiyependa aachie hapa: mimi ni mwanamke, ni sonara, na kibangwa cha ukoo wetu nilikitengeneza upya kwa mikono yangu nikamvalisha mtu niliyeona anastahili. Sijaomba radhi mpaka leo. Katika habari yote hii kuna jambo moja tu ninalolijutia, na sitalificha.

Kibangwa, kwa asiyekijua, ni kisahani cheupe kilichokatwa kwenye gamba la konokono mkubwa wa baharini. Chetu kina upana wa kisosi cha kikombe cha chai, na usoni kina mstari unaojizungusha mpaka katikati. Wachukuzi walikileta kutoka pwani kwa miguu, kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, na tangu hapo kila mtemi wetu alikivaa siku ya kusimikwa. Hakina hata chembe ya dhahabu. Wageni huwa wananicheka nikiwaeleza. Mnalala juu ya dhahabu, wanasema, halafu watawala wenu wakavaa konokono? Ndiyo, tena kwa kujivuna. Dhahabu tulikuwa tunaikanyaga. Cha mtemi kilipaswa kuwa kitu ambacho hakuna mtu angeweza kukiokota nyuma ya nyumba yake.

Usonara nilijifunzia Geita, kwenye duka la mzee mmoja aliyenipokea nifagie na nichemshe chai, akaja kugundua kwamba jicho langu linaona ufa kwenye pete kabla ya jicho lake. Wachimbaji waliingia na dhahabu yao kwenye karatasi, wakanikuta nimeshika bomba la moto, wakauliza fundi yuko wapi. Mwanzoni nilikuwa nawaelekeza kwa mzee. Baadaye nikawa nawajibu, "Unamwangalia." Waliotaka walikaa, wasiotaka walikwenda zao, na mimi sikuwahi kulala njaa kwa sababu ya walioondoka.

Nilirudi Shinyanga nikapanga nyumba Ngokolo, nikaweka meza yangu ya kazi sebuleni chini ya dirisha. Hapo ndipo mjomba aliponikuta, siku moja saa nne asubuhi, akiwa amekumbatia kasha la bati kifuani.

Mjomba ni mdogo wake mama. Baba yao, babu yangu, ndiye alikuwa mtemi wa mwisho kabla serikali haijauondoa utemi, na alipofariki kasha likaenda kwa mjomba kwa sababu ni mwanamume. Zamani zaidi haikuwa hivyo. Kwetu utemi ulikuwa ukienda kwa mtoto wa dada, mpaka wakaja watu waliopenda zaidi mambo ya baba na mwana. Mama alizaa mara moja tu, akanizaa mimi. Fanya hesabu mwenyewe. Mjomba aliifanya zamani, na nadhani ndiyo sababu hakuwahi kunionyesha kasha lile mpaka alipohitaji fundi.

Kabla hajalifungua, alivua viatu. Akasimama kwenye mkeka wangu na soksi yenye tundu kwenye kidole gumba, akafungua kifuniko, akapiga makofi matatu ya polepole, viganja vimekunjwa kidogo. Hiyo ndiyo heshima ya kibangwa. Mbele yake husimami na viatu, na husemi neno kabla ya makofi matatu. Mjomba alifundishwa hivyo tangu akiwa anatambaa, na hata akiwa peke yake chumbani, akilifungua kasha kufukuza mende, anavua viatu na kupiga makofi. Nami nikavua kandambili zangu, nikapiga.

Nyuma yake alisimama mtoto wake, binamu yangu, ambaye hakuvua chochote. Yeye ni broka wa dhahabu Geita, ana simu mbili na mkufu unaomfika tumboni. Ukoo ulikuwa umeamua kufanya mkutano mkubwa kijijini baada ya wiki tatu, na yeye asimikwe mtemi wa mila.

"Dada," aliniambia, "hilo lisahani nitalivaaje na suti? Nitaonekana nimetoka kwenye ngoma. Likate libaki kama saa ya mkononi, zungushia dhahabu, weka na mkufu. Kitu cha kisasa." Akaweka mezani bonge la dhahabu lililofungwa kwenye karatasi.

Nikasema, "Kibangwa hakikatwi."

Mjomba alikohoa. "Mpwa wangu, usipokikata wewe, Geita mafundi wako wengi. Na mashine za kusagia wanazo."

Nilikasirika mpaka masikio yakaniwaka. Lakini nilijua mjomba hatanii. Kikitoka mlangoni kwangu, kesho yake kitarudi kijijini kikiwa na ukubwa wa kifungo cha koti. Kwa hiyo nikasema sawa, kiacheni, nikiwa sijui kabisa nitafanya nini. Nilichojua ni kwamba nina wiki tatu za kukiokoa.

Sasa niseme lile ninalojutia.

Kibangwa kilikuwa kimefunikwa na utando wa samli ya miaka mingi, wa rangi ya chai, kwa kuwa kila mtemi alikuwa akipakwa samli pamoja nacho. Nilitaka kukiona uso wake. Sonara wa dhahabu, kitu kikiwa kichafu, anakitia kwenye asidi. Ndivyo ninavyofanya kila siku ya Mungu kwa kila pete inayotoka motoni ikiwa nyeusi. Mkono wangu haukuniuliza. Ulichukua kibano, ukakishika kibangwa ukingoni, ukakichovya kwenye bakuli.

Kilitoa mapovu kama soda.

Kila mwanamke aliyewahi kuweka ganda la yai kwenye ndimu anajua kinachotokea, na mimi pia nilijua, lakini nilikuwa nimezama kwenye dhahabu miaka mingi kiasi kwamba mikono yangu ilisahau kuna vitu vya thamani ambavyo si dhahabu. Nilikitoa, nikakitumbukiza kwenye maji, nikakiosha na magadi. Nilikuwa nimechelewa. Ukingoni pameliwa pengo la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na uso upande huo umepoteza mng'ao. Wachukuzi walikileta salama kutoka baharini, watemi wote wakakitunza, halafu mimi, niliyeapa kukiokoa, nikakila kabla ya saa sita mchana. Niliketi sakafuni nikalia kwa sauti.

Machozi yalipokauka, wazo likaja, na lilikuwa wazo baya. Nikikikata kama alivyotaka binamu, pengo litaondoka na kipande kitakachotupwa. Hakuna atakayejua. Mjomba ataridhika, binamu atasifu, na mimi nitaitwa fundi. Kwa siku tano nilizunguka meza ile. Siku ya tatu nilichukua hata penseli nikachora duara dogo juu yake, nikaweka msumeno tayari. Nikaufuta mchoro kwa kidole. Sikuwa jasiri siku hiyo, nilikuwa na aibu tu, lakini aibu nayo inaweza kuuzuia mkono.

Siku ya sita nilikifunga kwenye kanga, nikapanda basi mpaka Kagongwa, na kutoka hapo nikaenda kijijini kwa mama.

Nilimkuta amekaa kibarazani, ungo mapajani, anachambua mchele. "Mwadeela, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma, halafu nikampa shikamoo yake. Nilipofungua kanga aliweka ungo chini, akavua kandambili, akapiga makofi matatu. Kisha akanyoosha mikono nimpe.

"Mama, nimekiharibu," nikasema, nikamweleza yote, bakuli, asidi, mapovu, na hata penseli.

Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amekigeuza, anakipapasa mgongoni kwa kidole, kama mtu anayetafuta kovu lake mwenyewe. "Hapa," akasema. "Hapa palikuwa pananikwaruza."

"Palikukwaruza lini?"

Ndipo aliponieleza jambo ambalo katika miaka yangu yote sikuwahi kuambiwa. Mtemi akifa, kibangwa hakiruhusiwi kulala kwenye kasha wala kuguswa na mrithi mpaka matanga yaishe kabisa. Binti mkubwa ndiye anayekishika, na anakishika mwilini. Babu alipofariki, mjomba alikuwa kazini mkoa wa mbali, akachelewa. Mama alikifunga kwa kamba chini ya gauni, akakivaa msimu mzima wa mvua. Alilima akiwa nacho, akapanda mpunga akiwa nacho, akachota maji akiwa nacho. Mjomba aliporudi akamkabidhi.

"Na watu walikupigia makofi?" nikauliza.

"Wangenipigiaje? Kilikuwa chini ya nguo." Alisema hivyo bila uchungu wowote, uchungu nikausikia mimi. Mwanamke amebeba utemi wa watu mgongo umeinama kwenye jaruba, na watu wanapita wanamwambia pole na kazi.

"Lakini kimeliwa, mama. Angalia pengo hili. Labda kingekatwa tu."

Aliniangalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Mimi nimeng'oka meno manne. Na mimi utanikata?"

Nikacheka huku nalia. Kisha nikamuuliza swali ambalo nadhani nilikuja nalo tangu Ngokolo bila kujua. "Ungependa kukivaa tena?"

Mama alichukua ungo wake. Akachambua mchele kidogo, akatoa kokoto moja, akaitupa uani.

"Juu ya nguo?" akauliza.

"Juu ya nguo."

Mkono wake ukaenda kifuani, mahali kilipokuwa kikimkwaruza.

Nilirudi Shinyanga nikafanya kazi kama mwendawazimu. Bonge la dhahabu sikuligusa. Nilinunua waya wa shaba kwa fundi wa mota za pampu, kwa sababu bangili za watemi wetu zilisukwa kwa shaba, na shaba haishindani na weupe wa gamba. Nikasuka fremu nyembamba yenye vikucha vinne vya kukishikilia bila kukitoboa. Kwenye pengo sikuweka kitu. Fundi mwenzangu angelifunika, nami nililiacha wazi, anayetaka kuuliza aulize, nimjibu ni mimi. Kamba ya zamani ilikata shingo, kwa hiyo nikaweka ukanda mpana wa ngozi ya mbuzi, laini, na nyuma kishikizo kikubwa cha kusukuma tu, maana vidole vya mama vimeanza kukakamaa. Kilikuwa cha kisasa kuliko chochote alichokiota binamu yangu. Mtu mzima angeweza kukivaa kutwa nzima akala, akacheka, akainama kumbeba mjukuu.

Siku ya mkutano walifunga turubai, wakapanga viti vya plastiki, na mbele wakaweka kiti kimoja cha mbao kilichotandikwa kitambaa cheupe. Binamu alivaa suti ya bluu. Mjomba alinifuata mara mbili. "Kiko wapi?"

"Kinakuja."

Nikamrudishia binamu dhahabu yake, karatasi ile ile, mkunjo ule ule. Alikuwa bado anaifungua kuhakiki pale mlango wa nyumba ulipofunguka na mama akatoka.

Alikuwa na gauni jipya la kitenge cha kijani, na kibangwa kimekaa katikati ya kifua chake, cheupe, na pengo lake. Alitembea polepole kwa sababu ya magoti. Bibi mmoja wa mstari wa nyuma alivua kandambili. Kisha mwingine. Nikasikia viatu vinaburutwa chini ya viti, na makofi, matatu matatu, hayakulingana kwa sababu hakuna aliyekuwa ameyapanga.

Mjomba alimkatia njia. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. "Dada, kivue."

"Kivue wewe," mama akasema.

Kulikuwa na hatua moja tu kati yao. Mjomba alinyanyua mkono, ukafika nusu ya njia, ukasimama. Nilimwangalia miguuni, kwa sababu nilijua. Mtu huyu, tangu anatambaa, hajawahi hata siku moja kusimama na viatu mbele ya kile kitu. Alikuwa amevaa vyeusi vya ngozi, vya kamba. Kisha ncha ya kiatu cha kulia ikakanyaga kisigino cha kushoto, kikachomoka. Halafu kingine. Uso wake ulikuwa umejaa hasira bado, lakini mikono yake ilikutana, viganja vimekunjwa kidogo.

Moja. Mbili. Tatu.

"Baba, unafanya nini?" binamu alinong'ona.

Mama alisubiri mpaka kofi la mwisho likaisha kabisa.

"Leo ndiyo mara ya kwanza nayasikia kutoka upande huu," alisema.

Kisha akampita mdogo wake, akakaa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, na akaagiza chakula kipakuliwe.