Jina Langu Kwenye Vifurushi vya Nestori

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi pale Kasulu ambayo nimehama miji kadhaa nikijaribu kuiacha nyuma. Nimekaa Tabora, nimekaa Mpanda, nimerudi Kibondo na kuondoka tena, na kila nikiwasha kompyuta naikuta inanisubiri. Leo nakusimulia wewe, mwanangu, kwa sababu umeniambia unataka kula kwa kazi ya kompyuta. Kazi hiyo ina shimo lake, na sijaona mwalimu anayelionyesha.

Kwanza uelewe tulikuwa tunafanya nini. Kulikuwa na mradi pale Kibondo uliokusanya kompyuta kuukuu na kuzigawa kwenye vituo vya vijana, Kitahana kwetu nilikozaliwa, Kasanda, na ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nduta. Tuliziwekea Linux, maana ni ya bure na haidharau mashine kongwe. Tukatengeneza toleo letu wenyewe, tukaliita Malagarasi, jina la mto. Ndani ya Linux kila programu hufungwa kama kifurushi, na juu ya kifurushi huandikwa maelezo: kinaitwaje, kinahitaji wenzake gani ili kifanye kazi, na nani anakitunza. Hilo la mwisho, jina la mtunzaji, liweke moyoni.

Vifurushi vyote vilikaa kwenye ghala letu mtandaoni. Vijijini mtandao haukuwepo, kwa hiyo mimi nilivinakili kwenye diski na kuvipeleka kwa pikipiki. Kazi ilinifaa. Mimi ni mtu ambaye kiti kinamchoma, na wahenga walishanitetea: mtembea bure si mkaa bure.

Shida ilikuwa kwamba vifurushi hugombana kama wake wenza. Programu ya masomo na programu ya printa zilitegemea kifurushi kimoja cha herufi. Ya masomo ilitaka toleo jipya la kifurushi hicho, ya printa ilitaka la zamani. Ukiweka jipya printa inakufa, ukirudisha la zamani masomo hayafunguki. Mratibu wetu, ambaye tulimwita Injinia, aliniambia nilazimishe. Nikalazimisha, na mashine ya Kitahana ikagoma hata kuwaka.

Aliyetuokoa ni Nestori, Mrundi aliyekuwa akifundisha kompyuta kwenye kituo cha vijana pale Nduta. Alikuwa amesoma kazi hiyo Bujumbura mpaka akamaliza, kisha mambo yakaharibika kwao akakimbia. Siku ya kwanza nilipomwonyesha ugomvi ule, alitazama skrini akiwa anatafuna muhogo mbichi, akacheka.

"Ndugu yangu, hawa wanawake wawili mnawapiga fimbo walale jiko moja. Mpe kila mmoja jiko lake!"

Alifungua programu ya printa tangu asili yake, akaijenga upya ibebe herufi zake za zamani tumboni mwake, isimguse mwenzake. Kisha hakuipeleka kwenye mashine nzuri. Aliijaribu kwanza kwenye ile mbovu kuliko zote kituoni, iliyokosa mfuniko na kuunguruma kama mashine ya kusaga. Aliiita Bibi. "Bibi akila bila kutapika," alisema, "wajukuu wote watakula." Ndivyo alivyofanya kila kifurushi, na kila kifurushi kikaenda ghalani na jina lake: Nestori, mtunzaji.

Kila nikifika alinikuta nimeshageuza pikipiki tayari kuondoka.

"Yusto, kaa basi nikuonyeshe!"

"Wiki ijayo."

"Eh! Wewe mama yako alikuzaa juu ya kiti cha pikipiki?"

Alitania sana, lakini jambo moja hakulitania. Nyumba ya baba yake iliungua, na vyeti vyake vyote viliungua nayo. Sasa chuo kimoja cha nje kilikuwa tayari kumpokea, na kwa sababu hakuwa na karatasi, walimwambia, tuonyeshe kazi yenye jina lako. Aligonga skrini kwa kidole, pale palipoandikwa mtunzaji.

"Cheti changu ndicho hiki, ndugu yangu. Hiki hakiungui."

Mwanangu, kumbe kinaungua.

Sasa nirudi kwenye ile asubuhi. Kasulu nilikuwa nalala kwenye stoo ya Mzee Haruna, mfanyabiashara wa maharage ambaye babu yake alitoka pwani na bado alizungumza kama aliyewasili jana. Niliamka nikafungua ghala ninakili toleo jipya. Kila kifurushi cha Nestori kilikuwa na jina langu. Nilidhani naota. Nikampigia Injinia.

"Hongera, mtunzaji mkuu!" akanijibu. "Wafadhili wanakuja. Wanataka waone kazi ya vijana wa hapa hapa. Na matoleo ya zamani nimeyafuta, ghala lilikuwa limejaa."

Nitakudanganya nikikuambia kwamba niliumia. Nilifurahi. Kijana wa kidato cha nne kutoka Kitahana, jina lake linasomeka dunia nzima! Nikatoka nje na simu mkononi kumwonyesha Mzee Haruna. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akishona mdomo wa gunia kwa shazia, na kopo la rangi nyekundu pembeni.

"Shikamoo mzee. Tazama hapa, jina langu."

"Marahaba, mzururaji." Akavaa miwani, akatazama. "Umeyalima haya?"

"Aliyatengeneza Nestori, yule Mrundi wa Nduta. Injinia ndiye kabadilisha."

Akaacha shazia ndani ya gunia. "Unaiona hii alama nyekundu? Gunia likitoka kwa mkulima na alama yake, nikalifungua nikaweka yangu, watu wa soko wananiitaje?"

Nikainama kulitazama kopo la rangi.

"Jibu, bwana mdogo. Mdomo ulikuwa nao sasa hivi."

"Mwizi, mzee."

"Mwizi mjinga. Maana nimechukua maharage, na mawe yaliyomo ndani nimeyachukua pia. Atakayevunjika jino atanitafuta mimi." Akarudisha simu yangu kama kitu chenye harufu. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huyo mtu hana nchi, hana nyumba, ana alama tu. Sasa nisikilize. Usiende kwa huyo Injinia wako. Nenda kwanza kwa mwenye gunia. Mwambie kwa mdomo wako kabla hajasikia kwa mwingine, yeye ndiye atajua la kufanya. Haya, nenda!"

Maneno hayo niliyasikia yote. Niliyafuata nusu, na nusu ya nasaha ya mzee ni sawa na kutoshauriwa kabisa. Niliona haya kumtazama Nestori usoni kabla sijalitengeneza jambo. Nikajiambia, nitaanza kwa Injinia, nimrudishie Nestori jina lake, halafu nitafika Nduta na habari njema. Haya ya namna hii, mwanangu, ni majivuno yaliyovaa kanzu.

Injinia nilimkuta Kibondo akinywa chai na maandazi, mtu mpole, hakuinua sauti hata kidogo.

"Yusto, mkimbizi yuko hapa leo, kesho anarudishwa kwao. Ghala nitaliacha na jina la mtu nisiyeweza kumpata?"

"Lakini kazi ni yake."

"Na mashine ni za nani? Ziara ikiisha tutalitazama." Akanisukumia diski juu ya meza. "Kwingine kote toleo jipya limeshafika, Kasanda tu bado wana la zamani. Kapandishe jipya. Kama huwezi, sema, nimtafute mwingine."

Niliwahi kuacha kazi kwa sababu ya vumbi tu. Nyingine niliiacha kwa sababu mpishi alizidisha mawese. Siku hiyo, siku pekee niliyotakiwa kuacha kazi, nikashindwa. Nilichukua diski. Kule Kasanda mashine ziliniuliza moja baada ya nyingine, je, una uhakika unataka kubadilisha? Nami nikabonyeza ndiyo. Vijana wa kituo wakanishukuru kwa kunipa mahindi ya kuchoma. Nikala.

Nduta nilifika baada ya hapo. Nestori alinisubiri nje ya kituo, mara hii bila muhogo na bila utani. Alikuwa ameshajua.

"Mwakeye, Yusto," akanisalimu kwa Kirundi.

"Mwakeye."

"Wale wa chuo wamefungua ghala. Hawakuniona. Wameniuliza kwa nini nadai kazi ya mtu mwingine."

"Nestori, mimi sikubadilisha. Injinia ndiye..."

"Najua. Sikia, wamenipa nafasi. Nimewaambia wamtazame Bibi, wamekataa, eti mashine iliyo mkononi mwangu naweza kuiandika nipendavyo. Wanataka mashine ya mtu mwingine, ambayo mimi sijaigusa. Nikakumbuka, Yusto hajafika Kasanda!" Akanishika bega, na uso ukamchangamka. "Piga picha tu pale, jina langu lionekane, mwalimu wa kituo aweke neno lake. Inatosha. Leo hii twende... uende wewe, mimi sina kibali cha kutoka."

Nilitazama pikipiki. Diski ilikuwa bado imefungwa nyuma kwa mpira, na vumbi la Kasanda lilikuwa bado halijapanguswa juu yake. Aliitazama na yeye. Hakuhitaji kuambiwa. Mkono wake ulikaa begani kwangu kidogo, kisha akauondoa taratibu, kama mtu anayemwachia mgonjwa alale.

"Ungepitia kwangu kwanza," akasema. "Kambi iko karibu kuliko Kasanda."

Ningependa angenitukana. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema wageni wakituletea ndizi na salamu. Huyu alituletea uponyaji wenyewe, tukapona sisi, yeye tukamwachia ugonjwa.

Mawe ya Mzee Haruna nayo hayakuchelewa. Ziara iliisha kwa makofi, Injinia akahamia mradi mwingine, na jina la Nestori hakuna aliyelitazama tena. Kisha printa za Kitahana zikaanza kukataa karatasi, na malalamiko yote yakaja kwangu, kwani si mimi mtunzaji? Sikujua hata pa kuanzia. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nikarudi Nduta nimeinamisha kichwa. Nestori aliirekebisha kasoro ile bila kunikaribisha kiti, akaijaribu kwa Bibi, akanipa.

"Usidhani ni kwa ajili yako," alisema. "Ni kwa wale watoto wa Kitahana."

Nikatoka na kifurushi kile, na juu yake jina langu tena. Aliliandika yeye mwenyewe, herufi kwa herufi, bila kukosea.

Mvua za mwaka uliofuata alipanda msafara wa wanaorejea kwao. Nilipopata habari nilikuwa njiani kama kawaida yangu. Nimeuliza kwa waliotoka huko, hakuna anayemjua. Kwenye mtandao nimelitafuta jina lake mara nyingi, lakini jina la mtu lililofutwa mahali pekee lilipoandikwa utalitafuta wapi?

Mwaka huu nilipita Kasulu nikahitaji kutoa nakala. Binti wa dukani alikuwa anatumia mashine kongwe, na nilipoona rangi ya skrini moyo ukanipasuka. Malagarasi! Bado inafanya kazi, printa na masomo kila mmoja na jiko lake. Binti akaniuliza jina aandike risiti. Nikamtajia. Akatazama skrini, pale palipoandikwa mtunzaji, akanitazama.

"Aisee, anko! Kumbe hii mashine ni wewe uliyeitengeneza? Wewe noma! Kinagoma kila kitu hapa mjini, hii haijawahi kugoma."

"Sio mimi," nikamwambia. "Ni mtu anaitwa Nestori."

Akacheka, akadhani nanyenyekea. Akanipunguzia bei.

Basi sikia, mwanangu, nikuambie waziwazi ili usije ukasema mzee alizungukazunguka. Ukipokea kazi ya mtu, pokea na jina lake, ulibebe kama lilivyo. Wakikuandika juu ya jasho la mwenzako, hata kama si wewe uliyeshika kalamu, usilale juu ya jambo hilo. Wala usikimbilie kwa mkubwa kutafuta suluhisho la kukupendezesha. Nenda kwa aliyedhulumiwa kwanza, mkono mtupu, na aibu yako usoni, kwa sababu yeye ndiye anayejua ni kipande gani cha haki yake kilichobaki, na kiko wapi. Ukichelewa kwake, unaweza ukakuta kipande hicho umekifuta kwa kidole chako mwenyewe. Na siku ya kuacha kazi ikifika, iache. Njaa nimeilala mara nyingi na nikaamka. Kile kidole kilichobonyeza ndiyo ninacho hadi leo.

Mungu akupe kazi ya mikono yako na jina lako juu yake. Akupe na wenzako, majina yao yabaki palipo jasho lao. Akikujalia gari, lisikimbie kupita mlango wa mtu uliyemkosea. Na huko mbele ukikutana na Mrundi mmoja anayeijaribu kazi yake kwanza kwenye mashine mbovu kuliko zote, mwambie Yusto hakukufundisha kompyuta. Mwambie alikufundisha jina la Nestori.