Waya wa Koridoni

Enzi zetu Kariakoo, ukimtaka rafiki hukutafuta namba yake. Ulisimama koridoni ukamwita kwa sauti, na asipoitika ulijua ama yuko bafuni ama amechapwa. Wa rika langu mnanielewa, nyinyi mliocheza rede kwenye uchochoro uliojaa marobota ya mitumba, mkala mihogo ya kukaanga iliyofungwa kwenye karatasi la daftari la mtoto wa mtu. Ubuyu ulituachia ndimi nyekundu, mpaka mwalimu akatusimamisha mbele tuzitoe darasa zima lione. Watoto wa siku hizi ukiwatajia rede wanakuuliza inapatikana kwenye simu gani.

Tulikaa ghorofani, nyumba mbili zikitazamana. Upande huu tulikuwa sisi, Wachaga wa Machame, Baba akiwa na duka la jumla la vyombo. Upande ule ilikuwa familia ya Jyoti, Wahindu, baba yake akiuza vitambaa mtaa wa pili. Jyoti nilisoma naye, nikacheza naye, hata tetekuwanga tuliugua pamoja. Kwao nilikula chapati nyembamba zilizopakwa samli. Kwao hawagusi nyama, kwa hiyo siku ya mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, Mama alimtengea Jyoti sufuria yake ndogo isiyo na nyama, na Baba akipita jikoni alichungulia na kusema huo si mtori, huo ni uji wa mgonjwa. Jyoti alikuwa akiumaliza wote na kukwangua sufuria.

Wakati huo soko lilikuwa limeachiwa na kila kitu kinaingia nchini. Ziliingia redio, friji, viatu vya kushoto peke yake, na hatimaye kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya, zikishushwa bandarini ndani ya makontena. Baba Jyoti alinunua moja. Baba naye akanunua wiki hiyohiyo, maana alikuwa hakubali kuachwa na jirani. Mama aliifunika ya kwetu kwa kitambaa cha kufuma, na kabla ya kuigusa ilibidi unawe mikono na sabuni. Binamu yake Jyoti, aliyekuwa likizo, akapitisha waya juu ya milango kutoka kwao hadi kwetu ili mashine zishee, kama alivyosema yeye, yaani zitumie mafaili kwa pamoja. Akatufundisha kwamba mashine zikiwa na jina moja la kundi hutambuana, kama watu wa ukoo. Tukaliita kundi letu KORIDO. Mama alipouona ule waya umetanda vizuri, akaanikia vitambaa vyake vya jikoni.

Kwenye waya huo tulianzisha redio. Kwa kipaza sauti cha kuchomeka tulirekodi taarifa za ghorofa yetu: nani amekatiwa maji, nani amerudishwa kutoka shuleni kwa kuchelewa, ugomvi gani umezuka ngazini. Mtangazaji alikuwa Jyoti. Kiswahili chake kilikizidi changu kwa mbali, kilikuwa cha Kariakoo hasa, chenye mbwembwe, na alikuwa akifunga kila kipindi kwa kucheka mpaka anakohoa. Vipindi vyote tulivihifadhi kwao kwa sababu mashine yao ilikuwa na nafasi kubwa. Mimi nilivifungua kutoka kwetu, nikikaa kwenye kiti cha Baba kama bosi wa Posta.

Kisha tukaambiwa akina Jyoti wanahamia Uingereza. Safari ilikuwa Jumapili, na kompyuta ilikwishapata mnunuzi ambaye angeifuata Jumamosi jioni. Mnunuzi huyo alitaka ipigwe windo mpya kwanza. Hiyo ni lugha ya mafundi, maana yake kuwekewa mfumo mpya wa kuendeshea mashine. Mama aliposikia imepigwa akauliza, "Nani kaipiga tena? Si Jyoti huyo na mpira wake!" Fundi alikuwa mtu mwema, hakufuta mafaili yetu. Lakini Jumamosi asubuhi nilipokaa kwetu ili nivinakili vile vipindi, mashine ya Jyoti haikuonekana. Palepale ilipokuwa siku zote, pakawa patupu.

Niseme wazi nilichokuwa nataka. Rafiki yangu alikuwa anaondoka, na mimi nilitaka nibaki na sauti yake. Jioni ikifika kabla sijaipata, ingebebwa na mashine ya watu.

Baba alifunga duka mapema, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mvua kubwa. Aliuondolea waya vitambaa vya Mama, akaufuata kwa vidole kutoka mlango hadi mlango akitafuta palipotafunwa na panya. Ulikuwa mzima. Akachomoa ncha zake, akazipuliza, akazirudisha. Tukajaribu diski zile nyembamba za kuchomeka, lakini hata kipindi kifupi hakikuenea. Jyoti alikuwa akivuka korido kwenda na kurudi, peku, akipiga kelele: "Inaonekana?" Nami najibu, "Wapi!"

Mwishowe yeye ndiye aliyegundua. Alilinganisha maandishi ya mashine zote mbili akaona ile windo mpya imejibatiza jina lake lenyewe la kundi. Kwetu bado ilikuwa KORIDO, kwao tumekuwa wageni. Tukaandika KORIDO upya kwenye mashine yao. Ikatuomba tuizime na kuiwasha, tukakubali kwa furaha. Ilipowaka haikufunguka. Ikataka neno la siri. Asubuhi baba yake alikuwa ameiwasha mwenyewe kabla ya kwenda dukani kukabidhi funguo, na sisi hatukujua kama kuna neno lolote.

Jyoti akakaa chini sakafuni. Baba akasema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini tujaribu, akapiga simu ya mezani dukani kwa Baba Jyoti. Sisi tulimsikia Baba tu.

"Bwana, hawa watoto wanahitaji neno la siri la mashine. Ni neno gani?" Akasikiliza. "Marahaba. Nauliza neno la siri." Akasikiliza tena. "Marahaba, marahaba, hatujambo. Sasa nipe neno." Akasikiliza mara ya tatu. Uso wa Baba ukabadilika. "Marahaba," akasema taratibu, akaweka simu chini.

Nilimwona ameumia. Alituambia kwamba jirani yake amemsalimia mara kwa mara kwa adabu zote, ila neno kakataa kulitaja. "Miaka yote hii tumekula pamoja," akasema, "leo anaondoka ananificha neno. Kama hataki, si aseme hataki?" Mama akamwambia huenda kuna kelele dukani. Baba akajibu kwamba mtu anayesikia vizuri kusalimia husikia na kuulizwa.

Jyoti akainua kichwa, akamwita Baba kwa jina langu. "Baba Aneti, amekusalimia vipi?"

"Anisalimie vipi tena? Shikamoo, shikamoo, shikamoo."

Jyoti alisimama, akavuka korido. Tukasikia vitufe vikigongwa, halafu tukasikia kile kicheko chake kinachoishia kwenye kikohozi. Neno la siri lilikuwa shikamoo. Baadaye Baba Jyoti alieleza kwamba fundi alimwambia achague neno asiloweza kulisahau, naye akachagua analolitamka kutwa nzima mlangoni mwa duka lake. Baba alikuwa mkubwa kwake kwa umri. Angeitikiaje vingine? Baba alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la shati, na nadhani si kucheka peke yake kulikomtoa machozi. Nami nilipobonyeza mashine ya Jyoti kutoka kwetu, ikaniuliza neno lilelile, nikaliandika kwa adabu.

Vipindi vikaanza kuja, mstari mdogo wa kwenye kioo ukijaa polepole. Jyoti akaja akakaa nami kwenye kiti kimoja. Mkokoteni wa mnunuzi ulipofika chini, kila kitu kilikuwa kimekwishafika kwetu. Kesho yake waliondoka, na Baba akauviringa waya akautia kabatini. Korido ilikuwa kimya kiasi kwamba nilichukia kupita.

Vipindi vyenyewe havikudumu. Mashine yetu ilivujiwa na maji ya mvua nikiwa nimeshakuwa mtu mzima na kazi yangu, na kila fundi niliyempelekea alitikisa kichwa. Nililia ofisini kweupe, na sikuona aibu.

Siku hizi Jyoti hunipigia simu. Ana mvi sasa, na watoto warefu kumzidi. Akianza tu, "Mambo vipi, mshikaji? Mimi poa kichizi kama ndizi!", wanangu wanajitupa kwenye makochi kwa kicheko. Akisema kitu ni bab'kubwa, yaani kizuri kupita kiasi, ndiyo kabisa hawajiwezi. "Mama, huyo anti anaongea Kiswahili cha zamani! Bongo hakuna mtu anayesema hivyo tena." Wanasema wao, ambao maneno yao ya mwezi huu mwezi ujao yameshachacha, wanaojirekodi kutwa nzima na kufuta kabla hata hawajajisikiliza.

Lakini hawakosei. Hakuna anayesema hivyo tena. Mimi mwenyewe nimebadilika na jiji kidogo kidogo, ghorofa letu limevunjwa, na rika letu limetawanyika Kimara, Mbagala na makaburini. Jyoti aliondoka na Kiswahili chetu kikiwa kizima, na kule hakuwa na mtu wa kumbadilishia. Jumamosi ile nilihangaika nibaki na sauti yake, kumbe yeye ndiye aliyeondoka na yetu. Wanangu wakizidi kucheka, nawaambia wanyamaze, nataka kusikia.