Mifupa ya Tiva na Swali la Asili

Niliwahi kupiga vigelegele ndani ya mochari.

Ndio, mochari. Mwaka wa 1998. Mbele yangu mifupa ya binadamu, kando yangu mama wa watu analia. Mimi naruka kwa furaha.

Kabla hamjanihukumu, nisikizeni.

Naitwa Mbinya, mtu wa Matiliku, Makueni. Ndugu yangu mkubwa, Muthama, alikuwa dereva wa lori la mifugo. Zile mvua za El Niño zilimkuta akitoka Garissa na mbuzi wa mfanyabiashara mmoja Msomali anaitwa Yarow. Kwenye lori walikuwa hao wawili tu.

Kuvuka mto Tiva, huko Kitui, maji yakawabeba. Lori, mbuzi, watu, kila kitu.

Maji yaliposhuka, watu waliokuwa wanachimba mchanga wakapata mifupa ya mwanaume. Nguo hakuna. Kichwa hakuna.

Mwanaume mmoja. Na waliopotea ni wawili.

Hapo ndio balaa ilianza.

Mwaitu, yaani mama yetu Muthoki, alitaka mwanawe azikwe Matiliku kando ya baba. Deqa, bibi ya Yarow, na Maalim, ndugu wa huyo Deqa, walitaka mtu wao azikwe Kiislamu. Tukawa tunaangaliana vibaya pale nje ya mochari, kila upande umesimama kivyake.

Daktari Ndeti, aliyekuwa anashughulikia hiyo kesi, akasema kuna kipimo cha DNA. Atatuma kipande cha mfupa ng'ambo. Yarow hakuwa na mzazi, ndugu wala mtoto aliye hai, kwa hivyo damu ya kulinganisha ikatolewa kwa Mwaitu peke yake.

Tukangoja miezi, bana. Kungoja maiti ni kazi.

Siku ya majibu daktari akatuita sote mochari.

"Mama Muthama, huyu hakuzaliwa na wewe," akasema. "Halafu wamelinganisha DNA yake na ya watu wa sehemu mbalimbali. Inakaribiana zaidi na ya watu wa kaskazini mashariki kuliko ya Wakamba. Lakini hayo ni makadirio ya asili tu. Hayatuambii jina la mtu."

Hiyo ya mwisho mimi sikuisikia. Nilisikia tu kwamba sio Muthama. Kichwani nikamwona amelazwa mahali, mguu umevunjika, lakini yuko hai.

Ndio nikaruka. Ndio nikapiga vigelegele.

"Mbinya, nyamaza!"

Alikuwa Mwaitu. Nikageuka, nikamwona anakaa chini kwenye sakafu, polepole.

"Daktari," akasema, "Muthama sikumzaa mimi."

Wueh.

"Ile njaa ya 1961 nilikuwa nimeenda kwetu Tulia, huko Kitui, kujifungua. Mtoto wangu akafa siku hiyo hiyo. Hapo sokoni kulikuwa na mama Msomali ameachwa mgonjwa na wasafiri wenzake. Barwaqo. Alikuwa na kitoto kichanga na maziwa yake yamekauka. Yangu yalikuwa yanamwagika bure. Nikamnyonyesha. Barwaqo alipokufa, baba yenu akasema huyu ni wetu na tusiongee tena."

Watu walikuwa wanasema Muthama amechukua urefu wa babu. Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo.

"Yeye alijua?" nikauliza.

"Kila nikitaka kumwambia, naona anacheka. Naacha."

Daktari akavua miwani. "Basi huyu anaweza kuwa yeyote kati yao wawili."

Deqa akaacha kulia. Akaenda, akakaa sakafuni kando ya Mwaitu.

"Mama, mimi sina hata kaburi la kuangalia."

Mwaitu akamshika mkono. "Mchukue, mwanangu. Kama ni Yarow, ni wako. Kama ni Muthama, atalala na watu wa Barwaqo."

Nilikasirika, jamani! Njia yote hadi Matiliku sikumsemesha. Kumpa mtu mwingine ndugu yangu hivyo tu? Halafu nikajipa moyo: kama wamezika Yarow, basi Muthama atarudi.

Nikangoja.

Mwaka uliofuata kulikuwa kukavu, watu wakachimba Tiva chini zaidi. Wakapata mifupa mingine, mizima, na kichwa chake. Jino la mbele lilikuwa la dhahabu.

Jino la Yarow. Deqa alilijua mara moja.

Maalim alikuja Matiliku mwenyewe. Alikataa hata kuketi.

"Mama, tulizika mtoto wako. Mkitaka, tutamfukua tumlete."

Mwaitu akamsogezea kiti tena. Halafu akauliza, "Mlimwombea kwa jina gani?"

"La Yarow."

"Muacheni alale. Lakini rudini mkamwombee tena. Mseme ni Muthama, mtoto wa Muthoki."

Walifanya hivyo. Yarow wakamzika kando yake. Tulipoenda, Mwaitu, mama wa kanisa miaka yote, alisimama kwenye makaburi ya Waislamu, Deqa amemshika, akaita, "Muthama, mwana wakwa." Mtoto wangu.

Hapo ndio mimi nilimlilia ndugu yangu. Nilikuwa nimechelewa.

Siku hizi vijana wanatema mate kwenye kichupa, wanatuma, wanaambiwa asili yao. Ni sawa, jueni mlikotoka. Lakini kile kipimo kilisema kweli yote kuhusu damu ya Muthama, na bado kilitufanya tumzike kwa jina la mtu mwingine, kwa sababu mwenye kujua alikuwa amenyamaza.

Kama kuna mtoto nyumbani kwako anayefaa kuambiwa alikotoka, mwambie leo. Mwambie akiwa anacheka.