Miche Kumi na Miwili ya Mama Madoa

Jina la Mama Madoa nilimpa mimi, na sioni haya. Mtu gani anapiga magoti kwenye soya kila siku kwa miaka tisa, lenzi mkononi, akihesabu madoa ya ugonjwa wa kutu jani kwa jani? Mimi nilikuwa mlinzi pale kituo cha utafiti wa mbegu. Nilimtania mpaka akanizoea.

Kazi yenyewe kichekesho. Wanapanda soya, kisha wanaipulizia ugonjwa kwa makusudi! Siku moja nikamuuliza, "Dada, hii si laana?" Akanivuta hadi kwenye mstari wenye majani safi.

"Hizi zinalindwa na kinasaba kimoja tu, chembe moja ya urithi," akasema. "Siku kutu ikijua kumpita mlinzi huyo, shamba zima kwisha."

Halafu akanionyesha mstari wa thelathini na moja, majani yana madoa kama mtoto mwenye tetekuwanga. "Hizi zina vinasaba vingi vidogo, kila kimoja kinasaidia kidogo. Zinaugua, lakini polepole, na maganda yanajaa." Ilikuwa miche kumi na miwili, tunda la miaka tisa ya kuchavusha kwa mkono. Mbegu yake haikuwepo penginepo.

Kaka yake wa tumbo moja alilima ng'ambo ya seng'enge. Mwaka ule kutu ikamlia shamba zima. Ilikuwa imeenea kila mahali, lakini nani angemwambia akasikia? Asubuhi moja akaruka seng'enge na panga.

"Mnafuga ugonjwa! Wanangu watakula nini?"

Nikamkinga. Akanipiga ubapa wa panga mdomoni, meno mawili yakaenda, nikaanguka chali. Akaanza kufyeka. Na loo, akili ni nywele! Alifyeka zilizougua tu, zenye majani safi akaziruka.

Mama Madoa akaja mbio, akajitupa kifudifudi juu ya mstari wa thelathini na moja. "Kaka, nikate mimi!"

Na akakata. Sijui kama alimwona au hasira zilimpofusha, mpaka leo sijui. Vidole viwili vya dada yake vikabaki kwenye udongo. Nikatambaa, nikamng'ata kaka mtu shavu la mguu mpaka akaanguka, nikamshindilia rungu. Mkono wake ulivunjika nikausikia. Nilitaka kumuua, Mungu shahidi, ningemuua.

"Mwache!" dada akapiga kelele, damu inamchuruzika. "Utaniulia kaka yangu!"

Miche minne ilipona.

Kaka alifungwa mwaka na nusu. Alipotoka akapanda soya ya majani safi, ile iliyosifiwa na kila mtu. Kutu ilikuwa imeshabadilika. Wiki mbili baada ya maua, shamba likawa kahawia tupu. Alilifyeka mwenyewe huku analia kama mtoto, nilimsikia kutoka getini. Kesho yake akaja getini, mikono mitupu. Nikainua rungu. Mapengo yangu yaliniwasha, nikuambie ukweli.

Mama Madoa akanipita. Alikuwa na mfuko wa mbegu, zilizozaliwa na ile miche minne. Akamkabidhi kwa mkono ule ule wa vidole vitatu. Kaka alishindwa kuutazama.

"Sijakusamehe," dada akamwambia. "Chukua, kapande. Zitaugua hizi. Ukiziona zinaugua, usizikate."