Jonna na Shimo la Farasi

Majira ya joto ishirini na sita Jonna alikaa juu ya mnara wa mbao ufukoni pale Norklit, pwani ya Jutland, kipenga shingoni, macho majini. Waliomjua akiwa na mvi walidhani alizaliwa huko juu. Sivyo. Kiti kile alikipigania.

Mambo yalianzia kwenye kibanda cha aiskrimu. Jonna alikuwa na miaka kumi na tisa, anauza chini ya matuta ya mchanga. Siku moja akainua macho, akamwona mama mmoja wa Kijerumani majini, kofia ya njano kichwani, anaondoka. Haogelei. Anaondoka, kama mtu aliyepanda gari. Jonna akajua palepale. Mama yule alikuwa ndani ya shimo la farasi.

Pwani yote ile ya Jutland watoto hulijua jina hilo kabla hawajajua kusoma. Mbele ya ufuko kuna fungu la mchanga chini ya maji, na mawimbi huvunjika juu yake. Maji yakiingia lazima yatoke. Yakipata mahali fungu limekatika, hutokea hapo kwa mbio na kuchukua chochote. Wazee husema farasi alizama humo na gari lake. Kila mama huwaambia wanawe: ogeni popote mtakapo, shimo la farasi msilisogelee.

Jonna akaacha wateja, akakimbilia mnarani. Vijana wawili wa zamu wakamtazama yeye na aproni yake. Mmoja akamwambia arudi kibandani kabla aiskrimu haijayeyuka. Jonna aliposema mara ya tatu kwamba kuna mtu shimoni ndipo wakainuka. Wakaingia majini hapohapo walipokuwa, wakapigana na mawimbi juu ya fungu mpaka wakaishiwa nguvu. Mama yule bahari yenyewe ilimtema, mbali upande wa kaskazini, hai, bila kofia. Ilikuwa bahati tu.

Jonna hakulisahau jambo lile. Mwezi wa tano uliofuata akaandika jina lake kwenye mafunzo ya walinzi wa waogaji.

Mkuu wa walinzi aliitwa Holger Bak, mtu wa miaka hamsini na kidogo, shingo nene. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameokoa watu kumi na mmoja kwa mikono yake, naye aliamini mikono ya kuokoa ni ya namna moja tu. Alisoma orodha, akafika kwa Jonna, akasoma tena. Wanafunzi walikuwa tisa, nafasi sita, na mwanamke hajapewa hata moja tangu mnara usimamishwe. Akamwuliza kama hajakosea mlango, maana kina mama hufundishwa kufunga vidonda Alhamisi, kwenye ukumbi wa kanisa. Vijana wakacheka. Jonna akasema hakukosea, na Alhamisi pia ana nafasi.

Maji ya mwezi wa tano huko yana meno. Wavulana walikuwa na kibanda cha kubadilishia nguo. Jonna alibadilisha nyuma ya mashua ya baba yake, upepo ukimpiga mchanga miguuni. Wengi wao walitoka vyama vya kuogelea vya mji wa Aalborg, wenye medali. Kwenye maji matulivu wanne walimshinda, naye hakubisha. Lililomuuma ni jingine. Kila ilipofika zamu ya kumvuta mtu mzima kutoka majini hadi mchanga mkavu, Holger alimtuma akachemshe kahawa. Siku ya kwanza alidhani ni zamu yake. Wiki ya tatu alielewa kwamba zamu haizunguki. Mtihani ungetaka jambo lile lile, naye hajaligusa.

Wakampa jina, Mama Birika. Flemming, mrefu kuliko wote na mdomo wake mrefu zaidi, alionja kahawa siku moja akasema ni nyepesi.

"Nyepesi kama wewe, Flemming," Jonna akamjibu. "Si ndiyo maana unaelea."

Hata Holger alijikohoza kuficha kicheko.

Baba yake, Kresten, alikuwa mvuvi wa pale pale ufukoni, pasipo bandari, mashua huvutwa mchangani. Hakuwa na mtoto wa kiume. Jonna alipofika miaka kumi alimpandisha chomboni. Wenzake walisema mwanamke chomboni ni mkosi. Kresten akasema samaki hawajalalamika.

Jumatatu ya wiki ya mtihani walikuwa mezani, samaki bapa wa kukaanga na viazi. Jonna alimweleza baba yake kwamba Jumamosi ataanguka. Atafika kwa mtu amechoka, na akimfikisha ufukoni hatakuwa na nguvu ya kumvuta. Kresten akatafuna mpaka akamaliza.

"Wenzako wanapita wapi kwenda nje?"

"Moja kwa moja. Juu ya fungu."

"Na sisi na mashua?"

Jonna akaweka uma chini. Kila asubuhi, miaka kumi, mashua yao ilitoka kupitia shimo la farasi, kwa sababu mawimbi hayavunjiki hapo na maji yenyewe yanasukuma. Mama yake alimwambia asiogelee humo. Baba yake alimwambia apige makasia humo. Maneno hayo mawili yalikaa katika kichwa kimoja miaka yote, wala hayakuwahi kukutana.

Asubuhi tatu baba na binti walikwenda peke yao, kamba ya nyavu kiunoni mwa Jonna, upande wa pili mikononi mwa Kresten. Siku ya kwanza maji yalipomkamata alishikwa na hofu, akajaribu kurudi, akanywa chumvi, akavutwa kama samaki. Siku ya pili vivyo hivyo, ila alikunywa kidogo. Siku ya tatu akalegeza mwili. Shimo likambeba, likampitisha penye pengo la fungu, likamwachia nje kwenye maji mapana. Akageuka kumtazama baba yake. Alikuwa mdogo kama kigingi.

Jumamosi ilikuja na upepo wa magharibi. Kijiji kizima kilikuwa juu ya matuta. Halmashauri ilimtuma bwana mmoja mwenye koti na saa ya kuhesabia dakika. Sharti lilikuwa moja: mtu anajitupa majini nje ya fungu, mwanafunzi anamfuata na boya, anamleta, anamvusha kigingi kilichosimamishwa mchangani. Dakika kumi. Anayezidisha, kwaheri.

Watu wa kuokolewa walichaguliwa kwa vikaratasi ndani ya kofia. Wavulana wanane wakachukua. Ilipofika zamu ya Jonna, Holger akaiweka kofia chini, akamwita Egon.

Egon alikuwa mwenye bucha. Alikuwa na kilo mia moja na kumi, bila viatu.

Preben, kijana mpole aliyekuwa hodari kuliko wote, akasema hiyo si haki. Holger akajibu kwamba anayezama haji na mizani.

"Ni kweli," Jonna akasema. "Nipe Egon."

Preben alitumia dakika tisa na robo, akawa wa kwanza. Flemming tisa na nusu. Watatu walipitisha kumi, wakakaa mchangani wamejiinamia. Jonna aliwekwa wa mwisho. Egon akapelekwa na mashua, akaruka, bahari ikapanda kidogo, watu wakacheka. Akainua mkono. Kipenga kikalia.

Jonna hakuingia majini.

Alikimbia kuelekea kaskazini, ufukoni, boya likimdundadunda mgongoni, hatua mia. Mtu mmoja akasema huyo anakimbilia nyumbani. Kisha Jonna akageuka, akaingia pale ambapo maji yalikuwa meusi na laini, hayana povu. Wanawake juu ya matuta wakashika midomo. Holger akapiga kipenga, akapiga tena, uso umebadilika rangi. Safari hii hakuwa na ubishi, aliogopa.

Jonna hakusikia. Farasi alikuwa amemchukua. Alilala juu ya maji, akahesabu, akaona fungu likipita kushoto na kulia na mawimbi yakivunjika pande zote mbili, yeye katikati kama anayepita kati ya nyumba. Maji yalipotulia mikononi mwake ndipo akaanza kuogelea. Alimfikia Egon akiwa bado na pumzi zake zote.

"Umetokea wapi, dada?" Egon akauliza, meno yakigongana.

"Mlango wa nyuma. Lala chali."

"Nilitegemea kukungoja mpaka saa ya chakula."

"Egon, umeshakufa maji. Marehemu haongei."

Akamfunga boya kwapani. Kurudi hakupita shimoni, maana huko hakurudiki. Alimpitisha juu ya fungu, mawimbi yakiwasukuma wote wawili. Kwenye maji ya magotini ndipo uzito wa Egon ulipozaliwa upya. Jonna akasimama, hakuvuta. Wimbi likaja, likamwinua Egon, akavuta. Likarudi, akatulia. Likaja jingine, akavuta. Ndivyo mashua inavyopandishwa. La mwisho likawaacha hatua kumi na mbili kutoka kigingini, penye mchanga mkavu, na bahari haina msaada tena.

Akashika mkanda wa boya kwa mikono miwili, akajaribu kurudi nyuma. Egon hakusogea. Akajaribu tena, visigino vikazama. Basi akaacha kumvuta moja kwa moja. Alimtikisa upande wa kulia, bega likasogea. Akamtikisa upande wa kushoto, bega la pili likasogea. Kulia, kushoto, kama linavyosogezwa kabati zito. Bukta ya Egon ilijaa mchanga mpaka ikabaki nyuma kidogo, naye, marehemu, akaishika kwa mkono mmoja. Visigino vyake vilipovuka kigingi Jonna alikaa kitako, akafumba macho.

Bwana wa halmashauri akatazama saa, akaitikisa, akatazama tena. Dakika nane na nusu.

Juu ya matuta watu walipiga kelele. Kresten akatoa kiko mdomoni. "Si mbaya," akasema. Hata siku ya harusi yake hakusema zaidi ya hapo.

Lakini Holger alikuwa anakuja, hatua nzito. Akasema haihesabiki. Ameingia shimo la farasi, na shimo la farasi limekatazwa. Bwana wa halmashauri akafungua kijitabu cha masharti, akakipekua mbele na nyuma. Makatazo aliyoyaona ni ya waogaji. Kuhusu mlinzi hayakuandikwa.

Jonna akainuka, mchanga mpaka kwenye nyusi.

"Holger, mwaka jana mama mmoja alichukuliwa humo. Vijana wako walipita juu ya fungu, hawakumfikia. Leo akiingia mwingine, wewe utamfuata kwa njia gani?"

Holger akatazama maji meusi kule kaskazini, mtu aliyeokoa watu kumi na mmoja. Labda alikuwa anawahesabu wale ambao hakuwafikia. Hakuna aliyemwuliza.

Akaenda kwenye kibanda, akarudi na fulana nyekundu ya walinzi. Zote zilikuwa za wanaume. Hiyo ilimfika Jonna magotini. Akampa bila hotuba. Kisha akavua saa yake, akampa Flemming amshikie.

"Nionyeshe," akasema.

Jonna akaingia kwanza. Nyuma yake Holger, kipenga bado shingoni, na nyuma yake Preben na wengine, mmoja mmoja, wakilitazama shimo kama wanaingia kwa watu wasiowajua. Maji yakamkamata Holger. Mikono yake mikubwa ikaanza kupigana.

"Nifanye nini sasa?" akapaza sauti.

Jonna aligeuka kumtazama, huku farasi akiwapeleka wote.

"Usifanye kitu, Holger. Tulia. Nitakwambia wakati wa kuogelea."