Kassim Solo alikuja kibandani kwangu nimfundishe solo "aliyoipiga" yeye mwenyewe

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko kazini na mliojificha chooni na simu.

Mimi humu ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Leo nimeshindwa kunyamaza. Nitakachoandika ni kitu kilichonipata mimi mwenyewe, siongezi chumvi wala sipunguzi. Kama lugha itakuwa kali mtanivumilia, maana hasira bado ninazo.

Ninauza mikanda na pochi Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Ukipita pale utaniona, mzee mfupi mwenye kofia, ila huwezi kudhani kwamba niliwahi kuwa mwanamuziki. Hata wanangu walikuwa hawaamini sana.

Nilipiga gitaa la solo kwenye bendi iliyoitwa Mbwemkuru Sound. Najua hamuijui, msijisumbue kuitafuta. Ilikuwa bendi ya mkoani, ya huko kwetu Lindi, ikaja Dar kujaribu bahati na ikafia hapa hapa. Waliotujua ni watu wa Kusini waliokuwa wanafanya kazi bandarini na sokoni, na wachache waliokuwa wanakuja kunywa pale tulipokuwa tunapiga.

Lakini kwa hao watu, wakuu, kulikuwa na wimbo mmoja unaitwa "Bi Somoe". Mpaka leo mtu wa Kusini wa umri wangu ukimpigia mluzi ile solo ya "Bi Somoe" anaacha kikombe cha chai mezani.

Hiyo solo niliitunga mimi.

Sasa sikilizeni kisa kilipoanzia.

Mimi natumia mkono wa kushoto, ndiyo maana kwenye bendi jina langu lilikuwa Mashoto. Magitaa yalikuwa ya bendi, siyo yangu, na gitaa moja linatumiwa na watu wawili watatu, kwa hiyo huwezi kupanga nyuzi upya kwa ajili yako. Nilichofanya, nililigeuza tu gitaa kama lilivyo. Nyuzi nyembamba zikawa juu, nene zikawa chini. Nikajifunza hivyo hivyo kinyumenyume, nikazoea.

Kwa wasiojua gitaa: mtu wa kawaida akitaka uzi mwembamba ulie, anausukuma kwenda juu. Mimi uzi huo kwangu uko juu kabisa, kwa hiyo nauvuta kushuka chini kwa vidole vitatu, kwa uzito wa mkono mzima. Unatoa kilio fulani cha kuburuza. Ile solo yote imejengwa kwenye kilio hicho.

Kiongozi wa bendi alikuwa Mzee Bakari. Mtu wa pwani, mstaarabu, anayejua adabu za wageni. Siku ya kwanza kuniona jukwaani aliniita pembeni. Akasema wageni wamekaa mbele wanakula, halafu mimi nawapungia mkono wa kushoto usiku kucha, hiyo ni dharau. Akanihamishia nyuma ya drams, kwenye kona ya spika, ambako taa haifiki.

Nilikubali. Nilikuwa kijana, nataka kupiga, na mzee akisema ni mzee.

Lakini bendi bila mpiga solo mbele inakuwa kama imepungukiwa. Ndipo Mzee Bakari alipomleta Kassim, mtoto wa dada yake. Kassim alikuwa mrefu, ana mwanya, anajua kuvaa na kucheza. Akapewa gitaa lingine, zuri kuliko langu, akasimama mbele.

Waya wa lile gitaa ulikuwa haujachomekwa popote. Narudia, haukuchomekwa. Ulikuwa unaishia nyuma ya spika, kwenye miguu yangu.

Mimi napiga gizani, Kassim anafumba macho na kujinyonganyonga kwenye mwanga. Wanawake wanaenda kumtunza, wanambandika noti kwenye paji la uso. Hapo mimi vidole vinawaka moto.

Najua kuna mtu ataandika hapo chini "mzee mbona hukuacha kazi". Mkuu, ningeacha niende wapi na gitaa nisilokuwa nalo?

Bendi ikafa, kila mtu akashika njia yake. Mimi nikaja Kariakoo kwenye mikanda. Kassim akabaki na jina, Kassim Solo. Akaanza kuitwa redioni kwenye vipindi vya muziki wa zamani, anaelezea alivyotunga "Bi Somoe". Nilikuwa namsikia hapo kibandani, nazima redio, naendelea na wateja.

Kilichoniuma ni siku moja binti yangu Rehema aliposikia. Yeye anafanya kazi kwenye duka la dawa kule Upanga, na tangu mdogo nilikuwa namwambia hiyo solo ni ya baba yake. Akaniuliza kwa upole tu, "Baba, si ulisema ni wewe?" Nikamweleza habari ya waya. Akaitikia vizuri, kwa heshima, lakini niliiona sura yake. Ilikuwa sura ya mtu anayemwonea baba yake huruma.

Wakuu, hapo ndipo nilipotamani kabla sijafa mtoto huyu asikie kwa mtu mwingine kwamba baba yake si mwongo. Sikuwa na shida na umaarufu, umri huu naupeleka wapi?

Sasa njooni kwenye haya ya juzi juzi.

Watu wa Kusini tulioko Dar tuliandaa shughuli kwenye ukumbi mmoja karibu na Mnazi Mmoja. Kula, kucheza, na kuwapa heshima wanamuziki wetu wa zamani waliobaki hai. Ikatangazwa kwamba Kassim Solo atapiga "Bi Somoe" mubashara, akisindikizwa na bendi ya vijana.

Wiki chache kabla, nani nikamwona kibandani kwangu? Kassim mwenyewe. Kanenepa, miwani, shati la kitenge, mkononi gitaa kwenye mfuko wake. Akaagiza chai yake na yangu, akakaa kwenye stuli ya wateja, akaanza kunisifia mikanda. Nikajua kuna jambo.

Mwisho akasema, "Mashoto ndugu yangu, nimekwama. Nioneshe ile solo."

Nilimwangalia. Mtu amekula jina la hiyo solo tangu ujanani, leo anakuja kuniomba nimwoneshe inaanzia wapi! Na wala hakuona aibu. Aliomba kama mtu anayeazima kiberiti.

Nikampa sharti moja. Nitamfundisha, lakini siku ya shughuli, kabla hajapiga, ashike maiki awaambie watu solo hii ni ya Mashoto. Aliapa. Akaweka mkono kifuani kabisa, akasema hata yeye ilikuwa inamsumbua moyoni.

Nikaanza kumfundisha. Jumapili alasiri anakuja nyumbani Ilala, tunakaa uani. Nikamweleza kila kitu: kwa nini uzi unavutwa chini na vidole vinakaaje, kwamba kile kilio nilikitoa kwa mama mmoja wa jirani kwetu Lindi aliyekuwa anaita watoto wake jioni, na kwamba ule ukimya wa katikati niliuweka kwa sababu mwimbaji alikuwa anachelewa kuvuta pumzi. Hayo sikuwahi kumwambia mtu. Sikuwa na mtu wa kumwambia.

Lakini kupiga hakuweza. Gitaa lake liko sawasawa, uzi mwembamba uko chini, akiuvuta chini unatoka nje ya shingo ya gitaa. Akiusukuma juu sauti inatoka, ila siyo ile. Vidole vyenyewe vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga.

Jumapili ya mwisho nikamhurumia. Nikamwambia basi, asijitese, aseme tu jina langu, halafu nitapanda mimi nipige. Akanikumbatia. Akasema hilo ndilo suluhisho.

Nikamwambia Rehema avae vizuri, tunaenda kwenye shughuli. Nilinyoosha kanzu yangu mwenyewe.

Ukumbi ulijaa. Mzee Bakari alikuwepo, amezeeka sana, amekalishwa meza ya mbele. MC akamwita Kassim. Watu wakasimama kabla hata hajafika kwenye jukwaa.

Akapanda. Mkono wa kushoto una bandeji, vidole viwili vimefungwa mpaka kwenye kiganja.

Akashika maiki, akasema anaomba radhi, mlango wa gari ulimbana jana yake, daktari amemkataza. Ukumbi mzima ukasema aaah, kama amefiwa. Halafu akasema, "Siwezi kuwapigia, lakini niacheni niwaelezee nilivyoitunga."

Wakuu, akaelezea. Uzi kuvutwa chini kwa vidole vitatu. Mama wa jirani kule Lindi anaita watoto jioni. Mwimbaji aliyechelewa kuvuta pumzi. Neno kwa neno, yale niliyompa uani kwangu bure, kayavisha jina lake. Watu wengine walikuwa wanafuta machozi.

Mimi nilikuwa namfundisha kudanganya vizuri zaidi, bila kujua.

Alipomaliza wakasimama wote kupiga makofi. Na Rehema wangu naye alisimama akapiga. Sikumlaumu na simlaumu, hadithi ilikuwa nzuri. Akageuka akaniona nimekaa. Akashusha mikono.

Nikamshika mkono, tukaenda mpaka kwa Mzee Bakari, ambaye wakati huo walikuwa wamemsogeza pembeni kwenye masufuria ya pilau ili ale bila kelele. Rehema akampa shikamoo, naye akaitikia marahaba. Mzee alinitambua mara moja. Akamwangalia binti yangu, akasema, "Baba yako ndiye aliyepiga. Wote tulijua."

Alisema kirahisi hivyo, huku anatafuna.

Rehema akamwomba, "Basi babu, si uwaambie na wale pale mbele? Maiki ile pale."

Mzee akatikisa kichwa. Akasema, "Mwanangu, tusiharibu shughuli ya watu."

Nikaenda mwenyewe kwa MC. Kijana mwenye suti ya kung'aa. Akaniambia ratiba imejaa, mzee wangu, keki inasubiriwa kukatwa. Nikamwambia dakika mbili tu. Akaniwekea mkono begani na kunigeuza taratibu kuelekea kwenye viti, kama anavyogeuzwa mlevi. Bendi ya vijana ikaanza kupiga, maongezi yakafia hapo.

Kwa hiyo wakuu, ukweli wangu nilipewa kwenye kona ya pilau, tena kwa sauti ya chini. Uongo ndio uliopewa maiki. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Kassim namwelewa, ni mtu wa njaa ya sifa. Lakini Mzee Bakari alijua, alikiri, na akaona keki ina haki kuliko mimi.

Tulirudi kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja. Rehema alikuwa analia, akaniomba msamaha kwa yale makofi. Nikamwambia asiseme hivyo. Angalau yeye sasa anajua, na nilichokitaka nimekipata. Ndivyo nilivyojifariji.

Jumatatu Kassim akaja tena kibandani, bandeji hana. Amealikwa shughuli nyingine mkoani, anataka tuendelee na mafunzo. Nikamnyooshea kidole kule barabarani, na bahati yake Rehema hakuwepo, maana yule angemmwagia chai.

Funzo nililopata ni hili. Kwetu tunasifiwa kwa kunyamaza na kustahi wakubwa, na mimi nilidhani ukistahi siku moja watakukumbuka. Hawakumbuki. Kama kazi ni yako, isemee siku ile ile, hata kama sauti inatetemeka na hata kama mbele yako kuna mzee. Ukisubiri shughuli iishe, shughuli za watu haziishi.

Na nyongeza kidogo, ndiyo iliyonileta humu leo.

Rehema hakukubali yaishe hivyo. Aliazima gitaa kwa jirani yake, akaniweka kwenye kiti pale pale uani mchana kweupe, akanirekodi kwa simu. Nikaligeuza kama zamani. Vidole viliuma lakini vilikumbuka. Nilipiga "Bi Somoe" kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliipiga uso wangu ukionekana. Akairusha mtandaoni, akaandika jina langu kamili.

Watu walioitazama ni wachache mno. Aliyetoa maoni ni mmoja tu. Ameandika hivi:

"Hongera mzee, umejitahidi sana kumuiga Kassim Solo. Ila gitaa umelishika vibaya, ligeuze."

Rehema anataka kumjibu, nimemzuia kwanza. Wakuu, ingekuwa ni nyinyi mngemjibu nini? Semeni, nipo hapa, biashara leo haina watu.