Kijiko cha Alfajiri

Sukari yangu ilikuwa inapanda kila asubuhi, na watu wote walionizunguka walikuwa na hakika kwamba mimi ni mwongo.

Wa kwanza alikuwa muuguzi wa kliniki ya sukari hapa Mpanda. Tumepangwa kwenye benchi, wote tuna njaa kwa sababu tumeambiwa tuje bila kula. Akanichoma kidole, akatazama kipimo, akasoma kwa sauti ya mnadani: kumi na sita, wakati asubuhi inatakiwa isizidi saba. Akauliza jana nilikula nini. Nikamwambia ugali kidogo wa dona na mchicha, saa moja jioni, basi. Akasema wazee wa hapa tunawajua, mchana mnafunga, usiku mnafungulia. Benchi zima likacheka, na wao ni wagonjwa kama mimi. Nilitamani kurusha kiti.

Nilikuwa na sababu ya kutaka kuaminiwa. Kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto nilikuwa na kidonda kilichoanza kwa kusuguliwa na kiatu tu, na mwezi wa tatu ulikuwa unapita hakijafunga. Nilishaambiwa wazi kwamba sukari isiposhuka, kidole hicho kitakatwa, na ikibidi mguu utafuata. Mimi ni seremala, nasimama kutwa.

Wa pili alikuwa mke wangu. Akahesabu mayai, akafunga kabati la vyakula kwa kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga. Miaka yote hiyo ya ndoa, nafungiwa unga kama panya! Halafu akaanza kuuliza kama nina mahali pengine ninapokula, na alivyolitamka hilo "mahali pengine" hakuwa anazungumzia mgahawa. Tuligombana mpaka jirani akapunguza redio apate kusikia vizuri.

Nikanunua kipimo changu mwenyewe, kwa hasira tu. Kabla ya kulala, nane. Alfajiri, kumi na tano. Nikapima wiki nzima, nikaandika kwenye daftari langu la vipimo vya milango, na mke wangu nikamlazimisha aangalie kila namba. Mtu amelala, mkewe ubavuni, mlango una komeo, na sukari inapanda. Nikalibeba daftari hadi kliniki nikiwa tayari kwa ugomvi.

Siku hiyo alikuwepo daktari mwanamke ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Hakucheka. Alisoma kurasa zote, akaniambia sisemi uongo: karibu na mapambazuko ini lenyewe humwaga sukari kwenye damu, mwili ukijiandaa kuamka, na mwenye kisukari hana nguvu ya kuishusha. Nilitaka yule muuguzi aitwe aje asikie. Lakini daktari alikuwa bado ameinamia daftari, kama hajaridhika.

"Ukiamka, mzee wangu, kabla hujapima, unafanya nini?"

"Nasali, nalamba dawa, napima."

"Dawa gani?"

"Asali ya nyuki wadogo. Kijiko kimoja."

Nilisema bila wasiwasi wowote. Kwetu ni Inyonga, na baba alikuwa mrina asali. Asali ya nyuki wakubwa tulikula na kuuza. Ile ya nyuki wadogo, inayotolewa kwenye mapango ya miti, ilikaa kwenye chupa chini ya kitanda cha baba, na haikuwahi kutiwa kwenye chai. Ilikuwa dawa ya kifua, ya macho, ya vidonda, na ililambwa alfajiri kabla hujamsalimia mtu. Muulize mtu wa kwetu aliyeilamba amekula nini, atakujibu hajala kitu, na hatakuwa anakudanganya. Mke wangu aliyefungia hata mayai, chupa hiyo aliniwekea mwenyewe kando ya kitanda.

Daktari aliniambia hiyo nayo ni sukari, niiache, kisha akanibadilishia vidonge vya jioni. Nikaacha. Asubuhi kipimo kikaanza kusoma tisa, mara kumi, maana ini halina adabu, lakini kidonda kikaanza kukauka pembeni. Mke wangu akafungua kufuli bila kuniomba radhi, na mimi sikuidai.

Ningeweza kutulia hapo. Badala yake hasira ikazidi, na sikuwa na wa kumrushia kiti. Baba alikufa na kidonda mguuni. Alikuwa anamaliza mtungi wa maji kwa siku na bado ana kiu, nasi tukasema amerogwa, tukagombana ukoo mzima tukimtafuta mchawi. Aliposhindwa kuinuka, kazi ya dawa nilipewa mimi, kwa kuwa ndiye mtoto wa kwanza. Kila alfajiri nilimwinua kichwa, akafungua kinywa, nikampa kijiko chake, akanishukuru. Alipozidi kudhoofika niliongeza, vikawa vitatu kwa siku.